Nimeitoa November Rain na siirudishi

Nyimbo thelathini. Hizo ndizo Guns N' Roses, bendi ya rock ya Marekani, walizitoa siku moja, tarehe 17 Septemba 1991, zikiwa zimegawanywa kwenye albamu mbili zilizouzwa kila moja kivyake: Use Your Illusion I yenye jalada la njano na nyekundu, na Use Your Illusion II yenye bluu na zambarau. Kumi na sita huku, kumi na nne kule. Ukizisikiliza zote mfululizo ni zaidi ya saa mbili na nusu. Mimi nimezipunguza zikabaki kumi na moja, zikaenea kwenye kanda moja ya dakika 60. Leo nataka kueleza zipi zimebaki, zipi zimetoka, na kwa nini kaka yangu amenuna.

Ugonjwa wa albamu hizi uliletwa na CD. Enzi za santuri, upande mmoja ulibeba dakika ishirini na kitu tu, kwa hiyo bendi ilibidi ichague. CD ikaja ikabeba dakika sabini na kitu, watu wakaanza kujaza nafasi kwa sababu ipo. Jamaa hawa hawa mwaka 1987 walitoa Appetite for Destruction, nyimbo kumi na mbili, chini ya saa moja, na sijawahi kutamani kuruka hata mmoja. Miaka minne baadaye wanakuja na diski mbili, kila moja imejaa mpaka mdomoni. Ni mtori ulioongezwa maji kwa sababu wageni wamezidi: nyama ipo, ndizi zipo, ila unazisaka kwa kijiko.

Na si mimi wa kwanza kuzikata. Mwaka 1998 kampuni yao yenyewe ilitoa diski moja yenye nyimbo kumi na mbili kutoka kwenye albamu zote mbili, kwa ajili ya maduka makubwa ya Marekani yaliyokuwa hayataki muziki wenye matusi. Yaani mkasi ulipita, lakini ulifuata matusi. Mimi mkasi wangu umefuata kitu kingine kabisa, nitakifikia.

Kwa wasionijua: nina steshenari hapa Moshi, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nafanya laminesheni ya vyeti, napiga picha za pasipoti. Muziki dukani haukosi. Jirani wa kulia anapiga kwaya, wa kushoto anauza viatu na anapiga reggae kuanzia anapofungua mpaka anapofunga. Ukivuka kwenda Arusha ni hip hop, na wana haki, maana rap ya Chuga ina historia yake. Mwenye rock mtaani kwetu ni mimi peke yangu, mama wa watoto watatu mwenye miwani. Kuna mama wa kwaya aliwahi kuingia kutoa kopi ya cheti cha ubatizo, You Could Be Mine ikiwa inaunguruma, akanitazama kwa huruma akauliza, "Mama, hao wanapigana?" Nikamwambia hapana, wanaimba. Akasema, "Haya, Bwana awasaidie."

Rock iliingia nyumbani kwetu kupitia mlimani. Kaka yangu alianza upagazi Kilimanjaro, njia ya Marangu, akiwa kijana mdogo, na wageni wakishuka salama huwa wanagawa vitu: makoti, soksi nzito, tochi za kichwani, viatu ambavyo havimtoshi mtu yeyote wa ukoo wetu. Mjerumani mmoja akampa Walkman pamoja na kanda iliyokuwa ndani. Ilikuwa Use Your Illusion II. Ya bluu. Ya kwanza haikuwepo, na hatukujua kama ipo. Ile "II" mwishoni tuliiona kama pambo tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba orodha yangu inaipendelea ya bluu, sibishi. Nilikua nayo. Nyimbo saba zangu zinatoka bluu, nne njano. Lakini wasingizieni na Wamarekani pia: albamu hizo zilipoingia kwenye chati za Billboard, bluu ilikaa namba moja na njano namba mbili.

Kanda ile ya Mjerumani ililiwa na redio miaka mingi iliyopita, tukaitoa imekunjamana kama utumbo. CD zote mbili nilikuja kuzipata baadaye sana, kwa familia ya wazungu waliokuwa wanahama Shanty Town na wanauza kila kitu kuanzia friji mpaka vikombe. Ni nakala za mwaka 1991. Hilo lina umuhimu wake, maana matoleo mapya ya nyimbo za zamani huwa yameongezwa sauti. Ukichanganya wimbo wa toleo la zamani na wa toleo jipya, msikilizaji anakimbilia kitufe cha sauti kila baada ya dakika nne. Zangu zote zilitoka chungu kimoja na kipimo kimoja.

Sasa, mkasi ulifuata nini? Ulimfuata Izzy Stradlin.

Watu wengi wakisikia jina la bendi hii wanamwona mwimbaji Axl Rose na kitambaa chake kichwani, au mpiga gitaa Slash na kofia yake ndefu. Izzy alikuwa mpiga gitaa wa pili, anasimama pembeni, hasemi. Yeye na Axl walikua pamoja Lafayette, jimbo la Indiana, kabla hawajafika Los Angeles. Ukisoma majina ya watunzi kwenye vijitabu vya CD unaanza kushangaa jinsi jina lake linavyojirudia. Dust N' Bones anaimba yeye. You Ain't the First anaimba yeye. Double Talkin' Jive anaimba yeye. 14 Years anaimba yeye na Axl anaingia kwenye kiitikio. Pretty Tied Up ameitunga yeye. You Could Be Mine ameitunga na Axl. Kisha Novemba 1991, albamu hazijamaliza hata miezi mitatu sokoni, akaondoka kwenye bendi.

Nilipozipanga nyimbo zote thelathini kwenye kompyuta na kuzisikiliza kwa mtunzi badala ya kwa diski, nikaona kwamba mle ndani kuna bendi mbili. Moja ni ya Axl: piano, nyuzi, dakika tisa, uchungu mkubwa, mvua. Nyingine ni ya Izzy: gitaa kavu, dakika nne, mtu anasema neno lake anaondoka. Kwenye albamu wamechanganywa hovyo, unatoka kwenye harusi unaangukia kwenye baa, unatoka baa unajikuta hospitali. Nikaamua kuwatenganisha. Upande A wa kanda ni wa Izzy. Upande B ni wa Axl, lakini Axl niliyempunguzia chakula.

Upande A unaanza na You Could Be Mine. Wa rika langu wanaujua hata kama hawajui kwamba wanaujua: ndio wimbo wa Terminator 2, yule mtoto na pikipiki yake. Sisi tuliuona kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, na wimbo ulipoingia kaka alisimama akapiga kelele kwamba anao nyumbani. Hakuna aliyemwamini. Unaanza na dramu za Matt Sorum, mpiga dramu wao wa wakati huo, halafu magitaa yanaingia juu yake taratibu, na kabla mtu hajaanza kuimba umeshajua utafanya fujo. Kwenye albamu ya bluu wameuweka wa kumi na mbili. Wa kumi na mbili! Mtu ana wimbo wa kufungulia mlango anauweka stoo.

Halafu 14 Years, halafu Dust N' Bones. Hizi mbili nimeziweka zifuatane makusudi kwa sababu sauti ya Izzy haina madoido. Anaimba kama anakusimulia jambo akiwa anatafuta funguo mfukoni. Yesterdays ndiyo pekee upande huu isiyo ya Izzy. Nimeiweka katikati kwa sababu ni fupi na ina piano, na sikio linahitaji kupumzika kidogo kabla ya Pretty Tied Up. Hiyo nayo inafungua kwa sitar ya umeme anayoipiga Izzy mwenyewe. Dukani, kila ikianza, kuna mteja atakayeinua kichwa akidhani nimeweka filamu ya Kihindi. Sekunde chache baadaye gitaa linaingia na mteja anarudisha macho kwenye fomu zake.

Kazi niliyoipenda kuliko zote iko mwisho wa upande A. Double Talkin' Jive ni wimbo mfupi wenye hasira, lakini ukikaribia kwisha Slash anaacha umeme na kuanza kupiga gitaa kwa mtindo wa Kihispania, peke yake, taratibu. Kwenye albamu ya njano, baada ya hapo inakuja November Rain. Mimi nimeunganisha mkia huo wa Kihispania na You Ain't the First, ambao ni wimbo wa magitaa ya kawaida, wa kuyumbayumba, wa watu waliokaa kwenye ngazi usiku na hawana haraka. Gitaa linatoka kwenye wimbo mmoja na gitaa linaingia kwenye mwingine, na usipoambiwa hujui wapi kuna kiungo.

Natumia Audacity, haina malipo na haikwamishi hata kompyuta yangu ya dukani. Wanaotaka kujaribu niwape neno moja tu la kifundi. Mawimbi ya sauti ukiyakuza kwenye skrini utaona yanapanda na kushuka kupita mstari wa katikati. Kata pale yanapougusa mstari huo. Ukikata wimbi likiwa juu, mahali pa kiungo patatoa "tik", na ukishaisikia mara moja hutaacha kuisikia. Programu ina amri ya kukutafutia sehemu hizo yenyewe. Unabonyeza herufi Z. Baada ya hapo ni kufifisha mwisho wa wimbo huu na kuinua mwanzo wa ule, na kuamua ukimya uwe mrefu kiasi gani. Ukimya ndio unaonichukulia muda. Kati ya 14 Years na Dust N' Bones nimeacha kidogo sana, kama pumzi. Kati ya Yesterdays na Pretty Tied Up nimeacha mrefu, kwa sababu ile sitar inataka ianzie mahali patupu.

Na nilifanya kwa faili zisizobanwa, siyo MP3. Ukikata na kuhifadhi MP3 kila mara unapunguza ubora kila mara. Mambo haya najua kwa sababu ya picha za pasipoti; ukihifadhi picha ya JPEG mara nyingi, uso wa mtu unaanza kuota vijitofali.

Upande B una nyimbo nne tu, na ndio uliozua kesi.

Unafungua kwa Civil War. Huu ndio wimbo pekee kwenye albamu zote mbili ambao dramu zake alizipiga Steven Adler, yule mpiga dramu wa mwanzo, kabla hajafukuzwa mwaka 1990 kwa ajili ya dawa za kulevya. Slash amewahi kueleza kwamba walilazimika kuzikatakata na kuziunga dramu hizo ndipo wao wengine waweze kupiga juu yake. Nilipolisoma hilo nilicheka. Kumbe nilikuwa nakata kitu kilichokwisha kukatwa na wenyewe.

Siwezi kuutoa wimbo huo, na sababu haiko kwenye muziki peke yake. Miaka ya tisini Arusha ilijaa magari meupe ya Umoja wa Mataifa kwa sababu ya mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyokaa pale AICC, kituo cha mikutano. Nilikuwa nikienda kwa shangazi, Kaloleni, nikipita maeneo yale nikiwa na Walkman ya kaka niliyoiazima kwa mbinde. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini maneno mawili ya jina la wimbo niliyaelewa vizuri, na niliyaona magari. Watu wanaosema rock ni kelele za watoto walioshiba, huwa nawawekea huu.

Mwanzo wa Civil War kuna maneno yanayosemwa na mtu, yametolewa kwenye filamu ya Cool Hand Luke ya mwaka 1967. Hayo nimeyakata. Nimeanzia pale maneno yanapokwisha, linabaki gitaa na ule mluzi. Kwanza sipendi filamu kuniingilia kwenye wimbo. Pili, upande B ulikuwa umezidi dakika thelathini kwa sekunde chache, na kanda haina huruma. Najua watengenezaji huwa wanaacha utepe wa ziada kidogo mwishoni, lakini siwezi kuweka mwisho wa Estranged rehani kwa ukarimu wa kiwanda.

Baada yake ni Dead Horse, wa nne na wa mwisho kutoka njano, kwa sababu unaanza kivivu na gitaa la kawaida halafu unaamka. Kisha Locomotive, karibu dakika tisa. Nusu ya kwanza ni gitaa linalorudia jambo lile lile kwa ukaidi mpaka unakubali. Ukifika mwishoni unabadilika kabisa, piano inaingia, kila kitu kinalegea. Kwenye albamu, ukishalegea hivyo wanakuwekea So Fine ya Duff, mpiga besi wao, ndipo ije Estranged. Nimeutoa So Fine. Duff anisamehe, ni wimbo mzuri, lakini amekaa katikati ya watu wawili wanaozungumza. Sasa piano ya Locomotive inafifia na Estranged inaingia moja kwa moja, na zaidi ya dakika kumi na nane zile zinakwenda kama jambo moja.

Estranged haina kiitikio. Dakika tisa na zaidi, hakuna mahali unapoweza kuitikia na wenzako. Kinachokuvuta ni gitaa la Slash, linaimba kuliko mwimbaji, na Axl mwenyewe alimshukuru kwa maandishi ndani ya kijitabu cha albamu kwa ajili ya melodi zile. Video yake ina pomboo. Msiniulize.

Kwa hiyo, walioachwa. Nyimbo za kuazima zimetoka zote mbili, Live and Let Die ya Paul McCartney na Wings, na Knockin' on Heaven's Door ya Bob Dylan. Ukitafuta nafasi, anza na vya jirani. Don't Cry zipo mbili, moja kila albamu, muziki ule ule na maneno tofauti, na mtu aliyeshindwa kuchagua kati ya mbili mimi nimemsaidia kwa kuziacha zote. Get in the Ring ni Axl akiwatukana waandishi wa habari kwa majina. My World ni dakika moja na nusu hivi ya mashine na kuguna. Sijawahi kukutana na mtu anayeutetea. Coma umeniuma. Unazidi dakika kumi, hauna kiitikio, vifaa vya hospitali vinalia ndani yake, na Slash anajua anachofanya. Ningekuwa na dakika 70 ungeingia kabla ya mwingine wowote. Sina.

Haya, November Rain.

Najua. Ndio wimbo wao ambao hata jirani wa viatu anaujua. Umepigwa kwenye harusi mjini hapa na watu ambao hawajawahi kusikiliza maneno yake mpaka mwisho. Solo ya Slash nje ya kanisa kila mtu ameiona. Lakini usikilize ukiwa umeufuatisha na Estranged, siku moja, kwa uvumilivu, utaona kwamba nyimbo hizi mbili zinafanya kazi moja. Piano, mapenzi yamekufa, gitaa linalia, dakika tisa. Kanda ya saa moja haiwezi kubeba zote mbili, itazama. Ukilazimika kubaki na mmoja, wa kwanza umeshausikia mpaka ukawa ukuta, wa pili bado una vyumba ambavyo hujaingia. Na zile nyuzi za November Rain za mwaka 1991 si okestra, ni kinanda cha umeme. Axl alizipanga mwenyewe. Mwaka 2022 walipotoa toleo la kumbukumbu ndipo wakauwekea okestra ya kweli ya watu hamsini. Kama wenyewe miaka thelathini baadaye waliona kuna kitu cha kurekebisha, mimi kuwa na mashaka si dhambi.

Kuna rekodi yake ya mwaka 1986 iliyotolewa rasmi mwaka 2018, Axl na piano tu. Hiyo ingekuwa kishawishi. Lakini si ya albamu hizi, nilijiwekea mipaka.

Kwa nini kanda, mwaka huu wa leo? Kwa sababu ya Land Cruiser. Kaka aliacha upagazi zamani, sasa ni dereva wa watalii, anakaa Sakina, Arusha, na gari lake ni la zamani lenye redio ya kanda. Hataki kubadilisha. Anasema ukiweka redio ya skrini unawaitia vijana waje wakuvunjie kioo. Kanda tupu ya TDK, C60, yaani ya dakika 60, bado ikiwa na nailoni yake, niliipata kwa fundi redio Mbuyuni pamoja na deki iliyokuwa imebeba vumbi la tangu enzi za Mkapa. Waya mmoja kutoka tundu la spika za kompyuta hadi kwenye deki, basi. Kanda hairekodi haraka kama flashi. Nyimbo za nusu saa zinataka nusu saa yako, umekaa, unatazama taa zisiguse nyekundu. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya Locomotive. Upande B wote ukaanza upya.

Jalada nililichapa mwenyewe. Zile picha mbili za awali ni mchoro mmoja, Mark Kostabi aliuchora akichukua sehemu ya The School of Athens ya Raphael, tofauti ni rangi. Njano na bluu ukizichanganya unapata kijani, kwa hiyo langu ni kijani, halina mtu, lina majina ya nyimbo tu kwa herufi ndogo. Wino wa njano uliniishia siku hiyo hiyo na mtu alikuwa anasubiri kadi za harusi.

Wawili watatu wameniomba niwarushie. Sirushi. Muziki una wenyewe, mimi nimejipangia cha kusikiliza nyumbani na garini. Orodha mnayo hapo juu, CD zinapatikana, programu ni bure.

Kaka alikuja Moshi kuacha wageni, tukarudi naye Arusha nikiwa na mzigo wa karatasi za kununua. Nikaichomeka kanda tukiwa bado hatujatoka mjini. You Could Be Mine ilitupitisha Weruweru, na kaka anapiga usukani kwa viganja. Kikafu tulishuka na Dust N' Bones. Bomang'ombe trafiki walitusimamisha, mmoja akainama dirishani, akasikiliza Pretty Tied Up kidogo, akaomba leseni, akairudisha bila neno. Tukageuza kanda. Civil War, Dead Horse, mlima Meru umejifunika. Kwenye Locomotive kaka alinyamaza, nikajua ameanza kuhesabu. Estranged ilikwisha tuko karibu na Usa River, redio ikalia "tak".

"Iko wapi?" akauliza.

"Ipi, kaka?"

"Usijifanye."

Nikamweleza yote niliyowaeleza hapa, mpaka Tengeru. Hakunikatiza, akaendesha. Halafu akasema, "Sasa si ungetoa hiyo ndefu ya treni?" Nikamwambia Locomotive ukiitoa Estranged haina pa kuingilia. Akasema upande A umebaki utepe mtupu, yeye ameusikia. Nikamwambia umebaki kama dakika moja, labda nimwekee mvua peke yake bila Novemba. Hakucheka. "Basi tengeneza kanda mbili," akasema, na hapo ndipo nilipomwambia kwamba hilo ndilo walilofanya wao mwaka 1991.

Tulipofika Kwa Mrefu alikuwa ameshapata dawa: atanitafutia TDK ya dakika 90, nirudie kazi yote upya, November Rain iwe ya kwanza. Nimemwambia ailete. Dakika thelathini zitakazobaki nitamjazia kwaya ya jirani.